Leonhard Euler: Kipofu aliyethibitisha nambari isiyogawanyika

CHUKULIA kuwa mkulima wa Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, ameamua kuweka akiba kwa njia ya ajabu. Siku ya kwanza ya mwezi wa Januari anaweka ghalani punje moja tu ya mahindi. Siku ya pili anaweka punje mbili, siku ya tatu nne, siku ya nne nane, na hivyo hivyo kila siku akiweka maradufu ya alizoweka jana yake.

Wiki ya kwanza ikimalizika, ghala litakuwa na punje 127, ambazo mtoto anaweza kuzishika kwa viganja viwili. Lakini jioni ya siku ya 31, punje hizo zitakuwa zimefika 2,147,483,647. Ikiwa punje tatu zina uzito wa gramu moja, hiyo ni shehena ya karibu magunia 8,000 ya kilo 90. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba inayozidishwa kwa mbili kila siku hujaza malori.

Sasa mkulima huyo anataka kuwagawia watu mahindi hayo sawasawa, bila kubakisha punje na bila kupasua hata moja. Wakija watu wawili, itabaki punje moja. Wakija watatu, itabaki moja. Wakija watano, zitabaki mbili, na wakija kumi, zitabaki saba. Anaweza kuita kijiji kizima, kaunti nzima au nchi nzima, wala hesabu haitakubali. Ni njia mbili tu zitakazofaulu: mtu mmoja achukue ghala lote, au waje watu 2,147,483,647, kila mmoja apewe punje yake moja.

Nambari yenye tabia hiyo huitwa nambari tasa. Nambari tasa ndogo, kama vile 2, 3, 5, 7 na 11, hujulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Lakini mtu anawezaje kuwa na hakika kuhusu nambari yenye tarakimu kumi, ambayo hakuna aliyewahi kuhesabu vitu vingi kiasi hicho kwa mkono?

Jibu lilitolewa mnamo mwaka wa 1772 katika mji wa St Petersburg, nchini Urusi, na mzee wa takribani miaka 65 ambaye macho yake yote mawili yalikuwa yamemtupa mkono. Jina lake lilikuwa Leonhard Euler.

Mwana wa mchungaji

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na mama yake, Marguerite Brucker, pia alitoka katika ukoo wa wachungaji. Familia ilihamia kijiji cha Riehen, karibu na Basel, na huko ndiko mtoto huyo alikokulia.

Baba yake ndiye aliyemfungulia mlango wa hisabati. Katika ujana wake mchungaji huyo alikuwa amehudhuria mihadhara ya mwanahisabati mashuhuri Jakob Bernoulli, na hakuyasahau aliyoyasikia. Hata hivyo, nia yake ilikuwa mwanawe amfuate katika kazi ya kanisa.

Leonhard aliingia Chuo Kikuu cha Basel mwaka wa 1720, akiwa na umri wa miaka 13. Huko alikutana na Johann Bernoulli, ndugu mdogo wa Jakob, ambaye wakati huo alihesabiwa miongoni mwa wanahisabati wakubwa kabisa barani Ulaya. Bernoulli hakuwa na nafasi ya kumfundisha kijana huyo peke yake, lakini alimwagiza vitabu vigumu vya kusoma, kisha akamruhusu kumtembelea kila Jumamosi alasiri ili amweleze yaliyomtatiza. Euler alijitahidi kupeleka maswali machache kadiri alivyoweza, na mazoea hayo ya kupambana na jambo peke yake kabla ya kuomba msaada yalimkaa maisha yake yote.

Baada ya miaka michache Bernoulli alimshawishi mchungaji Euler kwamba mwanawe hakuumbwa kwa mimbari. Baba alikubali. Euler aliendelea kuwa mcha Mungu hadi kufa kwake, lakini njia yake ikawa hesabu.

Mwaka wa 1727, akiwa na miaka 20, aliomba kazi ya kufundisha fizikia katika chuo kikuu cha mji wake, akanyimwa. Mwaka huo huo alishiriki katika shindano la Akademia ya Paris lililohusu mahali panapofaa kusimamishwa milingoti ya meli. Alitunukiwa nafasi ya pili, ingawa nchi yake haina bahari. Kwa kuwa Basel haikumpa kazi, alikubali mwaliko wa Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, akaenda Urusi. Hakurudi tena kuishi Uswisi.

Kauli ya mkubwa inapopimwa

Mwezi wa Desemba 1729, mwanahisabati Christian Goldbach, aliyekuwa ameshirikiana na Euler katika Akademia hiyo, alimwandikia barua akimuuliza kuhusu jambo lililoachwa na Mfaransa Pierre de Fermat karibu karne moja kabla yake.

Fermat alikuwa ameamini kwamba nambari za aina fulani, zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa na kisha kuongeza moja, zote ni tasa. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ni 4,294,967,297. Fermat hakuwa na uthibitisho, lakini jina lake lilikuwa kubwa, na hakuna aliyekuwa amemkosoa.

Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu kubwa. Baadaye swali lilimnasa. Mnamo mwaka wa 1732 alionyesha kwamba 4,294,967,297 hugawanyika kwa 641 bila kubaki kitu, na jibu lake ni 6,700,417. Kauli ya Fermat ikaanguka.

Jambo la kustaajabisha si kwamba Euler alikuwa mwepesi wa kugawanya. Ni kwamba hakuhitaji kugawanya sana. Katika maandishi yake ya miaka iliyofuata alieleza kuwa nambari tasa yoyote inayoweza kuigawanya nambari hiyo ya Fermat ni lazima ibakishe moja inapogawanywa kwa 64. Nambari tasa za namna hiyo ni chache mno. Ya kwanza ni 193, ya pili 257, ya tatu 449, ya nne 577, na ya tano ni 641. Mtu anayefuata njia hiyo hufika penye jibu baada ya majaribio matano, ilhali anayepapasa bila mwongozo angefanya majaribio zaidi ya mia moja.

Hapo ndipo ulipojitokeza ufundi wa Euler. Mbele ya nambari kubwa hakukimbilia kutumia nguvu. Aliiuliza kwanza ni wageni wa aina gani wanaoweza kupita mlangoni mwake, kisha akawaita hao peke yao.

Katika miaka hiyo hiyo alijijengea sifa barani Ulaya kwa kutatua maswali yaliyokuwa yamewashinda wengi, likiwemo lile lililoitwa swali la Basel, alilolitatua mwaka wa 1735. Alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa hisabati katika Akademia tangu 1733, na mnamo Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji aliyefanya kazi huko. Walijaliwa watoto 13, lakini ni watano tu waliovuka utoto.

Mwaka wa 1735 alishikwa na homa kali iliyokaribia kumuua. Miaka mitatu baadaye jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza karibu uwezo wote wa kuona.

Miaka 25 ya Berlin

Mnamo 1741, hali ya kisiasa nchini Urusi ikiwa ya wasiwasi, Euler alikubali mwaliko wa Mfalme Frederick II wa Prussia na kuhamia Berlin. Alikaa huko miaka 25. Aliandika mamia ya makala na vitabu kuhusu hesabu, mwendo wa sayari, meli, mizinga, lenzi na mwanga.

Pamoja na hayo, hakuelewana na mfalme. Frederick alipenda wasomi wenye ndimi kali na mzaha wa barazani, kama vile Voltaire. Euler alikuwa mtu wa kawaida, asiye na makuu, aliyesali na jamaa yake nyumbani na kufanya kazi huku watoto wakicheza miguuni pake. Mfalme hakusita kumdhihaki kwa jicho lake bovu, akimfananisha na lile jitu la hadithi za Wagiriki lililokuwa na jicho moja.

Vita navyo vilimfikia. Mwaka wa 1760 majeshi ya Urusi yalipoingia Berlin, shamba la Euler lililokuwa Charlottenburg liliporwa. Jenerali wa Urusi alipopata habari kwamba mwenye shamba ni nani, aliamuru alipwe fidia, na Malkia Elizabeth wa Urusi akaongeza zawadi yake ya fedha. Ni nadra mtu kulipwa na adui wa mfalme wake kwa sababu ya elimu aliyo nayo.

Ilikuwa katika kipindi hicho ambapo Euler alichunguza kwa kina tabia ya masalio, yaani kile kinachobaki nambari moja inapogawanywa kwa nyingine. Katika kazi iliyochapishwa mwaka wa 1763 alithibitisha kanuni ya jumla inayoonyesha jinsi masalio hayo yanavyojirudia kwa utaratibu, kama zamu za walinzi. Wakati huo hakuna aliyeona matumizi yake nje ya chumba cha kusomea.

Giza na moto

Mwaka wa 1766, akiwa na karibu miaka 60, Euler alirejea St Petersburg kwa mwaliko wa Malkia Catherine II. Hakukaa muda mrefu kabla ya jicho lake la kushoto, lililokuwa tegemeo lake, kuanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Punde si punde akawa karibu kipofu kabisa.

Kwa msomi wa hisabati, ambaye kazi yake ni kuandika na kufuta mistari mirefu ya tarakimu, msiba huo ungetosha kuwa mwisho. Kwake haikuwa hivyo. Alikuwa na kumbukumbu isiyo ya kawaida. Alikijua kwa moyo kitabu kizima cha utenzi wa Aeneid wa Mroma Virgil, na aliweza kufanya kichwani mahesabu ambayo wengine waliyahitajia karatasi nyingi. Alianza kusema, na wengine wakaandika. Kitabu chake maarufu cha aljebra alimsomea neno kwa neno kijana mmoja mtumishi aliyekuwa fundi cherehani, na inasimuliwa kuwa kijana huyo, ambaye hakuwa na elimu ya hisabati, alimaliza kazi hiyo akiwa anaielewa aljebra.

Mwaka wa 1771 ulikuwa mchungu zaidi. Moto mkubwa ulizuka mjini St Petersburg na nyumba ya Euler ikateketea. Peter Grimm, fundi aliyetoka Basel kama yeye, aliingia katika miali na kumtoa mzee huyo asiyeona. Sehemu kubwa ya miswada yake iliokolewa. Mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto, akaona tena. Furaha hiyo ilidumu siku chache tu, kwani jicho lilipata maambukizi, maumivu yakawa makali, na giza likarudi kwa mara ya mwisho.

Majaribio yasiyozidi 372

Mwaka uliofuata, 1772, ndio wa barua ya Euler kwa kijana Johann Bernoulli, mjukuu wa yule mwalimu wake wa Jumamosi alasiri. Ndani ya barua hiyo mlikuwa na habari kwamba 2,147,483,647 ni nambari tasa.

Nambari hiyo haikuwa ngeni. Mwaka wa 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, alikuwa ametoa orodha ya nambari zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa yenyewe mara kadhaa na kisha kutoa moja, akidai zipi kati yake ni tasa. Nambari ya kipeo cha 31, ile ya ghala la Cheptais, ilikuwa katika orodha hiyo. Lakini Mersenne hakueleza alivyojua. Euler, aliyekuwa amekwisha kuona kauli ya Fermat ikivunjwa na 641, hakuwa mtu wa kukubali orodha kwa sababu ya jina la aliyeiandika.

Hoja yake inaweza kufuatwa na yeyote anayejua kugawanya. Kwanza, nambari ikigawanyika kuwa sehemu mbili zinazozidishana, moja kati ya sehemu hizo haiwezi kuwa kubwa mno. Kwa kuwa 46,341 ikizidishwa kwa yenyewe huipita 2,147,483,647, haina haja kutafuta mgawanyaji aliye juu ya 46,340. Hata hivyo, chini ya kiwango hicho kuna nambari tasa takribani 4,800, na kuzijaribu zote kwa mkono ni kazi ya kumchosha hata mwenye macho.

Pili, Euler alijua kutokana na uchunguzi wake wa masalio kwamba nambari tasa yoyote itakayoigawanya hiyo ni lazima ibakishe moja inapogawanywa kwa 62. Tatu, alijua kwamba nambari hiyo hiyo, ikigawanywa kwa 8, ni lazima ibakishe moja au saba. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, mlango unakuwa mwembamba sana: zinazoruhusiwa ni zile tu ambazo, zikigawanywa kwa 248, hubakisha 1 au 63.

Ukiziacha 1 na 63 zenyewe, chini ya 46,341 nambari za namna hiyo hazizidi 372, na nyingi kati yake si tasa, hivyo zinaweza kuachwa. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Ukigawanya 2,147,483,647 kwa 311, hubaki 35. Ikashindwa. Iliyofuata ikashindwa pia, na nyingine, na nyingine, hadi mwisho wa orodha. Hakuna hata moja iliyofaulu.

Tangu hapo haikuwa tena kauli ya Mersenne. Ilikuwa ukweli, na kwa miongo mingi hakuna nambari tasa kubwa zaidi ya hiyo iliyojulikana duniani. Tahadhari ya Euler ilikuja kuonekana ilivyokuwa na busara, kwani orodha ya Mersenne ilikuwa na makosa. Mwaka wa 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba nambari ya kipeo cha 67, ambayo Mersenne aliihesabu kuwa tasa, ni 193,707,721 ikizidishwa kwa 761,838,257,287.

Siku ya mwisho

Euler hakupunguza kasi. Mkewe Katharina alifariki mwaka wa 1773, na miaka mitatu baadaye alimwoa Salome Abigail Gsell, dada wa marehemu kwa baba. Akisaidiwa na mwanawe Johann Albrecht na kijana Nicolas Fuss kutoka Basel, alitoa karibu nusu ya kazi zake zote baada ya kurejea Urusi, yaani katika miaka ambayo alikuwa karibu kipofu kabisa. Katika mwaka wa 1775 alitoa takribani makala moja kila wiki.

Tarehe 18 Septemba 1783, baada ya chakula cha mchana, alizungumza na mwenzake Anders Lexell kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla. Alasiri hiyo alipatwa na kiharusi akiwa nyumbani, na usiku akakata roho. Alikuwa na miaka 76. Akademia ya St Petersburg iliendelea kuchapisha maandishi aliyoyaacha kwa karibu nusu karne. Orodha iliyotayarishwa baadaye ilihesabu kazi zake kuwa 866.

Faida isiyotarajiwa

Mwaka wa 1811, mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliiandika nambari ya Euler katika kitabu chake cha nadharia ya nambari. Tangu enzi za Wagiriki ilijulikana kwamba baadhi ya nambari zilingana na jumla ya zote zinazozigawanya, kama vile 6, ambayo ni 1 na 2 na 3. Huitwa nambari kamilifu. Kutokana na 2,147,483,647 hupatikana nambari kamilifu yenye tarakimu 19, ambayo ni 2,305,843,008,139,952,128. Barlow alitabiri kuwa hakuna kubwa zaidi itakayopatikana kamwe, kwa sababu nambari hizo ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kuzitafuta.

Alikosea mara mbili. Utafutaji uliendelea, na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa ya ukoo huo huo wa Mersenne, ya kipeo cha 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Na faida nayo ilikuja kwa njia ambayo hata Euler hakuiota. Mwaka wa 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walibuni njia ya kuficha ujumbe inayotegemea ile kanuni ya masalio ya mwaka wa 1763. Kufuli yake ni nambari ndefu iliyotengenezwa kwa kuzidisha nambari tasa mbili kubwa. Kila mtu anaweza kuiona nambari hiyo, lakini kuipasua irudi kuwa mbili ni kazi inayozishinda kompyuta. Kufuli za kawaida za aina hiyo zina tarakimu zaidi ya 600. Tovuti nyingi za benki zimelindwa kwa njia hiyo, ili salio la mteja lisisomwe na macho yasiyohusika.

Nambari ya 1772 yenyewe ni ndogo mno kwa kufuli, lakini ilipata makao mengine. Kompyuta huandika hesabu zake kwa sifuri na moja tu. Katika mashine nyingi nambari hupewa nafasi 32, na moja kati ya hizo hutengwa kuonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Hubaki nafasi 31, kama zilivyo siku za Januari, na thamani ya kila nafasi ni maradufu ya ile iliyotangulia. Nafasi zote zikijazwa, hupatikana 2,147,483,647. Huo ndio ukomo wa mashine hizo.

Ukomo huo una tarehe yake. Kompyuta nyingi huhesabu saa kwa kujumlisha sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile za zamani zenye nafasi 32, ambazo hazitakuwa zimerekebishwa, zitafikisha sekunde ya 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde saba juu yake. Sekunde inayofuata, saa zao zitaruka nyuma hadi mwaka wa 1901. Ndiyo sababu wahandisi wamekuwa wakihamia mifumo yenye nafasi 64.

Kuvutiwa na nambari tasa si jambo la Ulaya pekee. Mwaka wa 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua huko Ishango, mashariki mwa Kongo, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mfupa wenye mikwaruzo iliyochongwa kwa makundi. Umri wake unakadiriwa kuwa takribani miaka 20,000. Upande mmoja una makundi ya mikwaruzo 11, 13, 17 na 19, ambazo zote ni tasa. Wataalamu wamebishana kuhusu maana yake, lakini mkono ulioichonga ulikuwa ukihesabu katika nchi ya maziwa makuu muda mrefu kabla ya Basel kuwepo.

Mtoto wa Cheptais anayehangaika na hesabu za kugawanya leo hahitaji meli wala Akademia ili aanze mahali alipoanza mwana wa mchungaji wa Riehen. Anaweza kuchukua 2,147,483,647, akaigawanya kwa 311 kwenye karatasi na kuona mwenyewe zile 35 zikibaki, kisha aendelee na inayofuata. Akifika mwisho wa orodha atakuwa amejua kwa hakika jambo ambalo Mersenne alilisema tu, na ambalo mzee asiyeona wa St Petersburg alilithibitisha.